Udongo wa Kisongo Unavyokunywa Maji na Unavyoyafukuza

Leo tutazungumza juu ya udongo, lakini si juu ya rutuba yake kama tulivyozoea. Habari ya mbolea tutaiweka kando kwa leo. Tutazungumza juu ya chembechembe za udongo, wakubwa na wadogo wao, na jinsi zinavyoamua kama maji ya mvua yatazama shambani mwako au yatakimbia kwenda kwa jirani huku yamebeba shamba lako.

Wakulima wa Kisongo, Mateves na pande za Monduli mnayajua makorongo. Mengine yalianza kama njia ya ng'ombe, mengine kama mtaro mdogo wa kando ya barabara, mengine yalianza kama mkwaruzo wa plau iliyopita kutoka juu kwenda chini. Lakini mgeni akisimama kwenye barabara kuu iendayo Dodoma, akatazama nchi ya Kisongo, atashangaa. Mteremko ni mdogo. Si milima ya kutisha. Je, maji yanapata wapi nguvu ya kuchimba namna ile?

Mzee mmoja wa huko alinijia baada ya mkutano akasema, "Bwana shamba, sisi tunalaumiwa kwa ng'ombe. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kuliko mimi, na korongo hili halikuwepo. Mvua ya siku hizi ndiyo mbaya." Nikamjibu, "Mzee wangu, ng'ombe wana sehemu yao na mvua ina sehemu yake. Lakini yuko wa tatu ambaye hatumtaji kamwe, naye ni udongo wenyewe." Akacheka, akasema udongo hauna miguu. Basi maneno ya leo ni jibu la mzee yule.

Udongo wowote una chembe za aina tatu. Kuna mchanga, ambao unauona kwa macho na ukiusugua kwa vidole unakwaruza. Kuna mfinyanzi, wenye chembe ndogo mno zisizofika hata sehemu 2 za elfu za milimita, nao ukilowa unanata kama ule wa vyungu. Katikati ya hizo kuna chembe za tatu, ambazo vitabu huziita silti. Hizi si kubwa za kukwaruza wala si ndogo za kunata. Zikikauka zinashikika kama unga wa ngano, na upepo ukivuma zinakuingia puani. Leo mimi nitaziita udongo unga. Pale ambapo aina zote tatu zimechanganyika vizuri tunapata udongo tifutifu, ambao kila mkulima anaupenda.

Ili uone tofauti ya ukubwa, tuchukue mfano. Chembe ya mfinyanzi tuifanye kuwa punje ya mtama. Hapo chembe ya udongo unga itakuwa kama chungwa, na chembe ya mchanga itakuwa kubwa kama nyumba. Sasa fikiria nyumba zimepangwa pamoja: nafasi iliyobaki katikati yake ni kubwa, maji yanapita bila kuuliza njia. Machungwa yakipangwa, nafasi ni ndogo. Mtama ukipangwa, maji yanapenya kwa shida sana.

Kwa hiyo udongo wa kichanga kwa kawaida hunywa zaidi ya milimita 30 za mvua kwa saa moja. Tifutifu hunywa kama milimita 10 hadi 20. Mfinyanzi hunywa milimita 1 hadi 5 tu. Nawaomba mzikumbuke hesabu hizi, tutazirudia.

Sasa swali: kati ya hizo tatu, ni ipi inayochukuliwa na maji kwa urahisi? Wengi hujibu ni mfinyanzi, kwa kuwa chembe zake ndizo ndogo. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1935 mtaalamu wa Sweden aliyeitwa Filip Hjulström, wa Chuo Kikuu cha Uppsala, alichapisha uchunguzi wake juu ya mito. Alionyesha kwamba mfinyanzi ulioshikana unahitaji maji yenye mwendo mkali ndipo ung'oke, kwa sababu chembe zake zimegandana. Kokoto na mchanga mzito nazo zinahitaji maji makali kwa sababu ya uzito wake. Zinazong'oka upesi ni zile za katikati. Baadaye watafiti wa Marekani waliopima mmomonyoko mashambani kwa miaka mingi nao waliona hivyo hivyo: shamba lenye udongo unga mwingi pamoja na mchanga laini sana ndilo linalokwenda na maji mapema.

Ni kama watu waliokumbwa na msukumano sokoni. Mtu mnene hasukumiki. Watoto walioshikana mikono hawatawanyiki. Anayebebwa ni yule wa kati, asiye na uzito na ambaye hakushika mkono wa mtu.

Tena Hjulström alionyesha jambo la pili, nalo ndilo linalotuumiza sisi huku. Chembe ikishang'oka, mambo hugeuka. Mchanga hutua mara tu maji yanapopunguza mwendo, ndiyo maana unaukuta kwenye kona ya mto. Udongo unga na mfinyanzi haukubali kutua. Unaendelea kuelea mpaka maji yasimame kabisa, yaani mpaka ufike kwenye lambo.

Sasa turudi Kisongo. Udongo wa huku sehemu kubwa umetokana na majivu ya volkano. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni volkano iliyolala tu, haijafa. Mwaka 1910 ilitoa majivu kidogo. Zamani ilipolipuka kwa nguvu, yale mazito yalianguka karibu na mlima na yale mepesi yakachukuliwa na upepo kwenda mbali, kama mama anavyopepeta mahindi kwenye ungo. Halafu mvua za maelfu ya miaka zikapepeta mara ya pili, zikiteremsha chembe ndogo kabisa hadi kwenye mbuga. Ndiyo maana katika eneo moja la Kisongo unaweza kupata udongo wa majivu, mwepesi, wa kijivu au wa kahawia, na ukitembea kwenda mabondeni unakuta mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mkulima mwenye ekari tano anaweza kuwa na udongo wote huo ndani ya shamba moja.

Msinielewe vibaya. Udongo wa majivu si udongo mbaya. Nendeni Ilboru au Sokon, kwenye migomba na kahawa, mkaone. Kule juu udongo ni mwepesi vile vile, lakini umejaa mboji, umefunikwa na majani ya migomba, na mizizi imeushika. Mboji ni gundi. Inazishika chembe za udongo unga na kuzifanya mabonge madogo madogo kama ugali uliovunjwavunjwa, na kati ya mabonge hayo maji yanapita kama kwenye kichanga. Maji ya mvua inayonyesha kule juu huzama mlimani, na baadhi yake hutokea tena chini kama chemchemi. Kwa hiyo chembe zilezile zinaweza kukulisha au kukufilisi. Inategemea kama gundi ipo au haipo.

Huku chini gundi imekwisha mahali pengi. Tumelima mahindi na maharagwe mwaka hadi mwaka, mabua yamekwenda kwa ng'ombe, na nyasi za malishoni zimeliwa hadi mzizi. Sasa sikilizeni kinachotokea mvua ya kwanza ya masika inapopiga. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde, sawa na baiskeli inayoteremka mlima bila breki. Likikuta jani, nguvu inaishia kwenye jani. Likikuta udongo mtupu linavunja bonge, chembe zinaruka, na zile ndogo zinaingia kwenye vitundu na kuviziba. Baada ya dakika chache uso wote wa shamba umekuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu. Jua likiwaka, lipu ile inakauka na kuwa gamba. Mnalijua gamba hili. Ni lile ambalo maharage yanashindwa kulivunja yanapoota, ukalazimika kupita na jembe kuyasaidia.

Udongo uliokuwa unakunywa milimita 15 kwa saa, ukishapata gamba unaweza kushuka hadi kunywa kama mfinyanzi. Hapo ndipo mateso yanapoanza, kwa sababu sasa una mambo mawili mabaya pamoja: maji hayaingii, kama kwenye mfinyanzi, na udongo wenyewe hausimami, kwa kuwa ni unga.

Hebu tupige hesabu, tena kwa kuupendelea udongo. Tuseme bado unakunywa milimita 15. Inakuja mvua ya milimita 40 kwa saa moja, na masika mvua ya namna hiyo si ajabu. Milimita 25 zimekosa pa kwenda. Milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni kama lita 4,000. Kwa hiyo milimita 25 ni lita 100,000, yaani mapipa 500 ya lita 200 kila moja, yanatoka katika ekari yako moja kwa saa moja. Jirani wa juu naye ametoa 500 yake, na wa juu yake vivyo hivyo. Wote wanapitisha kwako. Na maji yakiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Sasa mgeni wetu wa barabarani aone maji yanapata wapi nguvu. Hayahitaji mlima. Yanahitaji eneo pana lililozibwa na mahali pamoja pa kukusanyikia.

Ukilitazama korongo la huku utaona kuta zake zimesimama wima kama zimekatwa kwa panga. Hiyo ni tabia ya udongo unga. Ukiwa mkavu unasimama. Maji yakiuramba kwenye kisigino unaanguka bonge zima, linasagika mara moja, linachukuliwa, na ukuta mpya unasimama nyuma yake. Kwa hiyo korongo la Kisongo halipanuki polepole tu, bali pia linatembea kwenda juu, kuelekea kule maji yanakotoka. Linaweza kupita shamba la mtu ambaye hajakosea lolote. Kule China, kwenye nyanda ambako upepo wa kale ulirundika udongo unga mwingi kupita kiasi, makorongo ni ya namna hiyo hiyo, na mto wao mkubwa unaitwa Mto Manjano kwa sababu ya rangi ya udongo huo.

Habari za bwawa la Kisongo

Haya ninayosema kuhusu Kisongo si ya kukisia. Yalipimwa. Miaka ya mwanzo ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala, kilekile cha Hjulström, vilifanya uchunguzi wa mmomonyoko wa udongo katika Tanzania, ukiongozwa na Anders Rapp pamoja na wenzake. Walipima mabwawa ya Dodoma, wakapima Morogoro, na mtafiti D. H. Murray-Rust akapima bwawa la Kisongo, ambalo maji yake yalitoka kwenye eneo la malisho magharibi ya Arusha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972.

Eneo lililoteremsha maji kwenye bwawa lile lilikuwa dogo, kilomita za mraba 9.3 tu. Lakini tope lililotua bwawani lilikuwa wastani wa mita za ujazo 481 kwa kila kilomita ya mraba kwa kila mwaka. Ukizidisha unapata karibu mita za ujazo 4,500 kwa mwaka. Kama lori moja linabeba mita 5 za ujazo, hayo ni malori 900 ya udongo kila mwaka, yanamwagwa ndani ya bwawa ambalo watu walilichimba ili ng'ombe wanywe. Kwa ekari moja inakuwa kama mita 2 za ujazo, matoroli 30 na ushee. Na hilo ni lile tope lililofika bwawani tu. Lililotua njiani halimo.

Watu husema lambo limekauka kwa sababu ya ukame. Mara nyingi halikukauka, limejaa. Chukueni mti mrefu mkapime: mahali palipokuwa na kina cha mtu mzima pana tope la kiuno na maji ya kifundo cha mguu. Maji machache yenye uso mpana hukaushwa na jua upesi, na tope linalokorogwa na kwato linazuia mwanga, majani ya majini yanakufa, samaki na vyura wanapungua, na ndege waliokuwa wakiwafuata hawaji tena. Yule mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchota hahitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba lambo limeharibika. Yeye ndiye anayeongeza kilomita za kutembea.

Upande wa Monduli na Makuyuni maji huteremka hadi Ziwa Manyara. Huko nako watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya hapa Arusha, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Plymouth cha Uingereza, wamechunguza tope la ziwani na kuona kwamba kujaa kwake kumeongezeka sana katika miaka mia na zaidi iliyopita, na kwamba Mto Makuyuni ndio unaoleta sehemu kubwa. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi. Kila safu ya tope inayotua inapunguza maji ya viboko na heroe, na udongo huo ulikuwa malisho ya mtu huko juu.

Na kule malishoni unakotoka, gamba linafanya kazi nyingine mbaya. Mbegu ya nyasi ikianguka juu ya gamba haina pa kujificha. Maji yanaizoa au ndege wanaila. Nyasi za kudumu zinatoweka, zinakuja zile za msimu mmoja ambazo zikikauka hakuna kitu, halafu vichaka vya miiba. Mchwa, nyungunyungu na wale wadudu wanaoviringisha mavi ya ng'ombe ndio wachimba visima wa ardhi. Vitundu vyao ndivyo vinavyopitisha maji. Wakikosa majani makavu na samadi ya kula wanahama au wanakufa, na vitundu vinazibika. Hapo mvua ya milimita 40 inakuwa ni ya kupita tu, na ng'ombe wanaona ukame katika mwaka ambao kipima mvua kinasema mvua ilitosha.

Jinsi ya kuujua udongo wako

Kabla hujachimba mtaro wowote, ujue unachimba katika udongo gani. Hakuna haja ya maabara. Chukua udongo kiganjani, toa mawe na mizizi, mwagia maji kidogo kidogo na ukande kama unga wa chapati kwa dakika mbili hivi. Ukishindwa kufanya tonge, huo ni mchanga. Ukifanya tonge, libane kati ya dole gumba na kidole cha shahada ulisukume litoke kama utepe. Utepe ukifika sentimeta 5 na zaidi bila kukatika, na vidole vinang'aa na kunata, huo ni mfinyanzi. Ukikatika mapema, na mkononi unasikia ulaini kama poda, na kiganja kikikauka mistari yake imejaa vumbi laini, huo ni udongo unga.

Njia ya pili ni ya chupa. Tafuta chupa nyeupe inayoonyesha ndani, tia udongo robo tatu ya nusu ya kwanza, ongeza maji hadi karibu na mdomo, tia kijiko kidogo cha sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu dakika tano, kisha iweke mezani watoto wasiiguse. Mchanga hutua katika dakika moja ya kwanza. Udongo unga hutua baada ya saa mbili hivi. Mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Utaona safu tatu, moja juu ya nyingine, na unaweza kuzipima kwa rula ya mtoto wa shule.

Lakini niwaonye: udongo wa majivu ya volkano hudanganya. Chembe zake zimeshikana kwa namna yake, na ukiukanda kwa sekunde chache unasema ni mchanga, ukiendelea kukanda unakuwa laini na wenye kuteleza. Kwa hiyo kandeni kwa muda mrefu, wala msiamini jibu la kwanza. Na pimeni mahali pengi: juu ya shamba, katikati, chini, na pia kwa kina cha jembe moja na nusu, kwa sababu chini ya plau mara nyingi kuna tabaka gumu ambalo maji hayapiti.

Kila udongo na dawa yake

Sasa tufike kwenye kazi. Kosa tunalolifanya mara nyingi ni kupeleka dawa moja kwa kila udongo. Historia ya nchi yetu imeshatufundisha. Katika milima ya Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 wananchi walikataa hadi ikawa ghasia. Walikuwa na sababu za siasa, lakini walikuwa pia na sababu ya udongo: kule ambako udongo mzuri ulikuwa mwembamba, kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na mahindi hayakuota vizuri.

Kwenye mfinyanzi mweusi wa mbugani, usizuie maji yote. Mvua ya kwanza huinywa kwa nyufa, lakini nyufa zikijifunga maji yanasimama na mahindi yanakuwa ya njano. Huko matuta yawe na mwinamo kidogo ili maji ya ziada yatoke taratibu. Udongo huo hauchimbiki na maji kwa urahisi, hivyo unaweza kuvumilia.

Kwenye udongo unga wa majivu ni kinyume chake. Maji usiyaruhusu hata kidogo yaanze safari. Hapa makinga maji ya fanya juu yanafaa, yale yaliyoenea kutoka Ukambani, Kenya: unachimba mtaro kufuata kontua, upana kama sentimeta 60 na kina kama hicho, na udongo unautupa upande wa juu. Kwa miaka michache tuta linashika udongo na shamba linajisawazisha lenyewe. Mpango wa SCAPA, ulioanza mwaka 1989 mkoani Arusha kwa msaada wa Sweden, uliyaeneza makinga maji ya namna hii Arumeru, na wenye umri wanakumbuka. Juu ya tuta pandeni majani. Mabingobingo ni mazuri na ng'ombe wanayapenda, lakini nisiwafiche, kwa ukame wa Kisongo yanasumbuka. Vetiva au nyasi za kienyeji zenye mizizi mingi zinavumilia zaidi. Tuta lisilo na majani katika udongo unga halimalizi masika mawili.

Ikiwa maji yanakuja kutoka juu ya shamba lako, chimba mfereji wa kuyakinga kabla hayajaingia. Mwinamo wake uwe mdogo sana, sentimeta 25 hadi 50 kwa kila mita 100. Ukizidisha, mfereji wenyewe utageuka korongo. Na hapa ndipo ugomvi unapozuka. Nimeona mifereji mizuri iliyopimwa vizuri, lakini mdomo wake umeelekezwa kwenye njia ya ng'ombe au kwa jirani. Hiyo ni sawa na kumtupia mwenzako nyoka. Mdomo wa mfereji uelekee mahali penye majani yaliyoshona, ukoka kwa mfano, na kama hapapo, otesheni majani msimu mmoja kwanza ndipo mchimbe. Jambo hili lipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya jembe kuinuliwa, na wenye mashamba ya juu na ya chini wakae pamoja. Korongo halijui mpaka.

Tabaka gumu chini ya plau livunjwe wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa jembe la jino linalokokotwa na ng'ombe au trekta. Ukilivunja likiwa na unyevu halipasuki, linakatika tu kama jibini.

Halafu kuna mabua. Ninajua ninagusa kidonda. Mwezi wa Septemba mabua ya mahindi ni chakula cha ng'ombe, tena ni fedha, na siwezi kumwambia mtu ayaache yote shambani ng'ombe wake wakilala njaa. Lakini theluthi ya shamba ikifunikwa na mabua wakati mvua inapoanza, udongo unaochukuliwa unapungua kwa nusu au zaidi. Kwa hiyo nasema chukueni, lakini si yote. Acheni theluthi yale magumu ya chini ambayo ng'ombe huyaacha hata hivyo, yalazeni kukata mteremko, na samadi ya zizini irudi shambani badala ya kurundikana mlangoni. Maharage, fiwi au ngwara katikati ya mahindi nayo ni mwavuli mzuri. Udongo unga unadai gundi kila mwaka. Mwaka ambao hukulipa unajilipa wenyewe.

Kwa korongo ambalo limeshaanza, msianzie chini, anzieni kichwani. Kwanza ondoeni maji yanayoingia, ndipo mjenge vizuizi vya mawe au fito ndani yake, vifupi, visivyofika mita moja, katikati vikiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati. Ingizeni ncha zake ndani ya kuta za korongo, la sivyo maji yatazunguka pembeni. Na nyuma ya mawe wekeni majani au magunia makuukuu. Mawe matupu hayazuii udongo unga, maji huupitisha katikati ya mawe na kuuchimba chini yake, na siku moja unakuta mawe yamezama.

Kabla ya mvua za vuli pigilia mambo matatu kwenye kichwa cha korongo lililo karibu nawe, hatua tano tano kwenda upande wa juu, kila mambo na alama yake. Baada ya kila mvua kubwa nenda ukatazame ni mambo zipi zimebaki. Zikiwa zote zipo mwezi wa Januari, anza kupanda majani mlemle korongoni.